Taa Nyekundu ya Jukwaa la Pili

Honi moja ya treni ilisikika usiku wa tarehe 9 Machi 1957, na papo hapo marehemu akazaliwa, katika nyumba ya nne nyuma ya stesheni, mkunga akasema huyu amekuja na usafiri wake. Alisoma shule ya reli hadi mwaka 1974, akaajiriwa kuongoza taa za njia, na kuanzia tarehe 1 Juni 1998 akawa mwalimu wa madereva, katika chumba chenye treni ya kuigiza, kiti kimoja, mikono ya breki na skrini tatu, ambako wanafunzi walimwita Mzee Ratiba.

Alimwoa mama yangu tarehe 14 Agosti 1999, mimi nikiwa na miaka kumi, hawakujaliwa mtoto mwingine, akanilea, akanisomesha, akanitafutia kazi katika chumba chake cha mafunzo, nami muda wote huo nilimwita Mwalimu, hata mezani, na mama alipouliza kama mdomo utachubuka nikimwita inavyostahili, nilijitia hamnazo.

Alinifundisha kwamba treni ya kuigiza haioni reli, inasoma ratiba, ukiiandikia jukwaa la tatu inajichagulia njia na kufunguliwa taa za kijani hadi huko, ukiiandikia jukwaa lenye treni nyingine, taa inabaki nyekundu mpaka hiyo itoke.

Tarehe 20 Februari 2013, siku ya mtihani, mbele ya wakaguzi, taa ilibaki nyekundu dakika hamsini, kwa kuwa treni yetu iliandikiwa jukwaa la pili, na iliyosimama pale iliandikiwa isiondoke kabla ya kupokea abiria wetu, basi kila moja ikaingoja nyingine. Mkaguzi mmoja akasema mzee ameanza kuota mchana, watu wakacheka, nami nikacheka, na mwezi uliofuata akahamishiwa stoo ya taa mbovu, akakaa huko hadi kustaafu. Mashine ilikuwa imetoa karatasi yenye jina la aliyebadili namba ya jukwaa kwenye ratiba, Mwalimu aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, na kila alipoulizwa alijibu kwamba kosa la chumba ni la mwenye chumba.

Aliugua figo tangu Mei 2021, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2024, nikiwa nimemshika mkono, miaka yote hiyo yeye akingoja niseme, mimi nikingoja aniulize.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotubebea maji na viti, na wafanyakazi wenzake, ambao nawaomba wasiseme tena kwamba mzee alikosea, kwa maana namba ile niliibadili mimi, nikiwahi mpira, bila kukagua.

Pumzika sasa, Baba.