Rubani Aliyeswaga Ng'ombe kwa Ndege

Wazee wetu shikamooni, vijana hamjambo, na wewe uliyeiweka redio dirishani huku unapepeta mtama, karibu. Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Kapteni Hezekia Kisyeri. Amezikwa Jumamosi nyumbani kwao, karibu na Nyamongo, wilayani Tarime. Hezekia Kisyeri, rubani, mwana wa Boke. Nawaombeni msikunje nyuso sana. Maisha ya bwana huyu yalikuwa ya ushindi, tena ushindi wa kuchekesha.

Hezekia alikulia nyuma ya ng'ombe. Baba yake alifariki mapema, akabaki na mama, Boke, na mifugo. Alianza kuchunga, shule ikafuata baadaye. Huko shuleni kwa wamisheni akaonekana kichwa chake ni chepesi, hasa kwenye hesabu. Serikali ikamchagua akasomee urubani Soroti, Uganda, akafaulu vizuri. Hakubebwa na mtu. Alirudi mwaka sabini na tatu akiwa na leseni mfukoni, akaajiriwa na shirika moja la umma la mifugo lenye makao yake Mwanza. Shirika lilikuwa na ndege moja ndogo ya kumbeba Meneja Mkuu.

Ndege moja, wasikilizaji wapendwa, na kiti kimoja cha rubani. Kiti hicho kilikuwa kimeshakaliwa. Aliyekikalia alikuwa shemeji wa mkubwa fulani palepale ofisini, na shemeji hainuki kirahisi. Hezekia akaambiwa asubiri boharini, agawe dawa za kupe na kamba. Akasubiri. Sasa, leseni ya urubani haijui kusubiri. Usiporuka, inakufa. Ya Hezekia ilikuwa imebakiza wiki chache tu, na ikishakufa hakuna wa kumrudisha Soroti.

Mkewe, Veronika, anakumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akisikia mlio wa ndege anaacha kula. Anatoka nje, anaangalia juu, anarudi, ugali umepoa. Veronika alimshauri apeleke mbuzi kwa mkubwa, kama wenzake walivyofanya. Hezekia akakataa katakata. Alisema akikipata kiti kwa mbuzi, kila akikikalia atasikia mbuzi analia. Jeuri ya Kikurya hiyo, mnaijua wenyewe.

Lakini mtu ni watu. Dereva wa Meneja Mkuu aliitwa Ryoba, naye pia alitoka Tarime. Ryoba na Hezekia walitahiriwa msimu mmoja, wakawa saro moja, na kwetu mtu wa saro yako humfichi habari ya kumfaa. Asubuhi moja Ryoba alikwenda kumchukua yule rubani shemeji nyumbani kwake, akamkuta anatetemeka kwa malaria chini ya mablanketi. Ryoba hakurudi ofisini moja kwa moja. Alipita kwanza bohari.

"Vaa shati safi," akamwambia. "Mzee anasafiri sasa hivi na hana rubani. Mimi nitamwambia yupo."

Na safari yenyewe ilikuwa ya wapi? Ya kwao Hezekia! Meneja Mkuu alikuwa anakwenda kufungua josho la ng'ombe katika kijiji kipya cha ujamaa jirani na Nyamongo. Basi mwana wa Boke akashika usukani, akapaa juu ya ziwa, moyo unacheza ngoma. Kama siku hiyo ingekwenda vizuri, leseni ingeishi. Kama ingekwenda vibaya, ni bohari mpaka uzee.

Huku kijijini, mapokezi yalikuwa tayari. Sijui nani aliwapelekea habari kwamba rubani ni mtoto wao, lakini habari njema Tarime haina haja ya simu. Watu walikuja na litungu, zeze letu la nyuzi, walikuja na ngoma, na kwa kuwa ni siku ya josho, walikuja na ng'ombe. Na wote walisimama wapi? Katikati ya kiwanja cha ndege! Wakurya, tuambiane ukweli, mgeni wetu tunampokea palepale anapokanyaga. Mbele kabisa alikuwa Boke mwenyewe, anacheza.

Hezekia aliwaona kutoka juu. Akazunguka mara moja, akitumaini watasogea. Wao wakadhani anawasalimia. Vigelegele vikazidi, na waliokuwa pembeni nao wakaingia katikati. Akazunguka tena. Wakaongezeka tena. Kila akizunguka, kiwanja kinajaa, na mafuta yanapungua.

Meneja Mkuu alikuwa mtu wa ratiba. Akaamuru washuke, watu watakimbia wenyewe wakiona ndege imekaribia. Anayeamuru ndiye mwenye kazi, na kazi ndiyo maisha. Lakini alimjibu.

"Ndugu Meneja, yule anayecheza mbele ni mama yangu. Sishuki juu ya mama yangu."

"Basi turudi Mwanza," Meneja akasema, "na wewe urudi bohari."

Wasikilizaji wapendwa, ni hapo. Hezekia alianza kuigeuza ndege. Akatazama chini mara ya mwisho. Akaona ng'ombe. Akajiuliza, hivi Mkurya ni kitu gani kinaweza kumtoa kwenye sherehe? Mvua haimtoi. Njaa haimtoi. Ng'ombe wake wakikimbia, hata bibi harusi anaachwa peke yake.

Akaomba apewe mzunguko mmoja wa mwisho. Hakupita juu ya watu. Alikwenda pembeni, upande wa porini, akashuka chini kidogo na kuupandisha mlio wa injini, kama mchungaji anayepita ubavuni mwa kundi na fimbo. Ng'ombe wakainua mikia. Wakatoka mbio kuelekea kijijini, wote! Na nyuma yao wakatoka watu wote, wenye ngoma, wenye litungu, viongozi wa kijiji na tai zao, na Boke kashika khanga mkononi. Kiwanja kikabaki cheupe. Hezekia akaiteremsha ndege taratibu mpaka ikasimama.

Kamati ya mapokezi ilirudi baadaye, inahema. Mzee Machage, mfugaji wa palepale kijijini, alikuja anafoka kwa hasira, maana mtamba wake mwekundu alikuwa ameteguka mguu. Meneja Mkuu alicheka mpaka akafuta machozi, akauliza kijana huyu kajifunzia wapi mambo hayo. Boke ndiye aliyejibu.

"Ng'ombe nilimfundisha mimi," akasema. "Ndege alijifunza mwenyewe."

Kuanzia siku hiyo kiti kikawa cha Hezekia. Alikikalia miaka kumi, akiwapeleka wakubwa Mwanza, Musoma, Ikoma, bila kumwangusha hata mmoja. Machage alilipwa mtamba mwingine, na miaka yote hiyo hakuacha kulalamika kwamba yule mwekundu alikuwa bora. Watu walipomuuliza Hezekia kama alipanda kwa akili, kwa kujuana au kwa bahati, alikuwa anasema bila Soroti asingejua kuruka, bila Ryoba na ile malaria asingeruka, kwa hiyo asijitape. Ndiyo maana alipomwona Method, kijana wa mkulima wa Nyambureti aliyefaulu urubani na hana shemeji mjini, alimpigania hadi akapewa ndege. Hakuwa hata saro yake.

Figo zilimchukua Hezekia mapema mno, na inauma. Siku ya Jumamosi, jeneza likiteremshwa, Method alipita juu na ile ndege ya shirika kumuaga mwalimu wake. Ng'ombe wa Mzee Machage wakashtuka, wakakata mbio. Vijana wakageuka kuwafuata, kama ilivyo desturi. Machage hakugeuka. Alivua kofia, akabaki amesimama kaburini mpaka udongo wa mwisho.

Mama Boke, Veronika na watoto, poleni sana. Sisi sote tunalia pamoja nanyi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo jioni mkumbukeni aliyewahi kupita kwenu kuwaambia mvae shati safi, halafu angalieni ni nani bado anasubiri boharini. Ng'ombe wa Machage wamepatikana wote, alikwenda kuwatafuta baada ya mazishi.