Kitunga cha Mama Bulonza

Boti ya Bukavu ilikuwa haijafika mbali na Goma, na Chance alikuwa tayari anajuta kumwambia jirani yake kwamba anajua mambo ya ordinateri. Jirani mwenyewe, Mama Bulonza, alikuwa amefungua kompyuta yake magotini. "Mutoto wangu, nisaidie kuweka hizi picha za ubatizo pamoja na zile za ndoa ya binti yangu. Nilizichunga mule mu kitunga." Kidole chake kilionyesha kialama cha kitunga pembeni mwa kioo.

Chance alibana kicheko, lakini mabega yakamtikisika. "Mama, ile ni pubeli. Ni ya kutupia takataka."

"Ni mutu gani anatupa vitu mu kitunga? Tunaweka maharagi. Ku misa tunaweka matoleo."

"Mwenye kuchora alichora kitunga cha ku biro yao, cha chini ya meza. Wanatupia makaratasi."

"Basi kwao hawakumufundisha."

Chance akakifungua. Picha za ndoa zilikuwamo zote, na bibi harusi anacheka. Akashusha pumzi. "Tuzitoe, mama, kabla mutu hajakimwaga. Zitapotea kabisa."

"Ziache. Kitunga cha matoleo hawakimwagi kabla hakijafika ku altari."

Wakabishana hivyo mpaka boti ikagusa gati. Mama Bulonza akafunga ordinateri, akamsukumia Chance kitunga kikubwa kilichokuwa miguuni pake. "Nibebee hiki, mutoto wangu. Lakini usikitupe mu ziwa, ukazani ni pubeli."