Msimweke Waridi Dirishani

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yaguse kitanda, maana pumzi niliyo nayo haifiki mlangoni, na gari la Ngumbao liko uani linaningoja linivushe feri hadi hospitali, ambako kesho daktari atanipasua kifua atazame kama ndani mna moyo au mna kipande cha mkate wa meli kilichonikwama tangu ujana. Chekeni basi. Mkikaa kimya hivyo mnanitisha zaidi.

Mwanarehema, wewe ndiwe mkubwa, kaa hapa kichwani. Faki, mwanangu wa kiume wa pekee, kaa huko miguuni na usiniangalie kama unayepima sanda. Na wewe shemeji Mwanabibi, dada wa marehemu mama yao, kaa hapo hapo ulipokaa kuninunia, lakini sikio lako nalitaka, kwa kuwa nusu ya haya ninayosema ni yako.

Naogopa, wanangu. Semeni mmemsikia Rama Mwidani akisema hivyo kwa kinywa chake. Nimekuwa mpishi wa meli tangu sijaota ndevu, nimekula ubaridi wa Rotterdam na joto la Karachi, na nyinyi nimewalisha hadithi za mawimbi marefu kuliko minara, jinsi nilivyosimama imara nikikoroga supu huku manahodha wakitapika. Supu ilikuwako, wallahi. Kusimama ndiko kulikokosekana. Nilijifunga kamba kwenye mguu wa jiko nikalia kwa majina yote ya mababu, na mabaharia wakasema siku ile chumvi ilikolea. Basi woga ule ulikuwa kitoto kichanga. Huu wa leo ni babu yake. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema wa kale, na mimi ngama, tumbo la chombo, naiona, ina giza, na sijui kina chake.

Mali nitaimaliza upesi kwa kuwa yenyewe ni fupi. Nyumba hii ya hapa Shika Adabu na minazi yake mgawane kwa sharia, kadhi yupo, msigawane kwa makelele. Ngazi iliyoegemea choo si yetu, ni ya jirani Nzai, mrudishieni kabla hajaja kuidai matangani mbele ya watu. Ugomvi wangu na Kombe juu ya jogoo wake aliyekuwa akimtangulia muadhini umekwisha. Jogoo keshaliwa, na sisi hatuna budi kusameheana.

Sasa sikilizeni lile lililonikosesha usingizi kuliko hicho kisu cha daktari. Ni diski.

Mwaka huu wa tisini na tisa kila nyumba yenye mtoto Arabuni imeingiwa na wazimu mmoja: picha za sandukuni zipelekwe kwenye kompyuta, zitiwe ndani ya diski, zikafuatane zenyewe kwenye televisheni, moja ikiondoka nyingine inaingia, na chini yake muziki. Mdogo wenu Dhahabu alipopiga simu kutoka Maskati, na tumbo lake la mimba ya kwanza, aliniomba hiyo. Nikamwambia, mwanangu, utaniona mimi nimeteleza kwenye theluji ya Osaka, utaniona nimevaa aproni kama bi harusi, utacheka mpaka ujifungue kabla ya siku zako. Kisha akasema, "Baba, mimi namtaka mama. Mimi mama nikimkumbuka, namkumbuka miguu. Nilikuwa mdogo, nilikuwa naona miguu yake na upindo wa leso. Uso sina."

Nikashika simu nisijue pa kuiweka.

Mnajua alivyokuwa mama yenu Waridi. Kamera ikitokea kwa mlango huu yeye anatokea kwa ule. Alipofariki mwaka wa themanini na sita alituachia picha ya kitambulisho, ambayo mwenyewe alisema amefanana na mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jirani, na ile ya Idi aliyojifunika buibui hata ungeambiwa ni pazia ungekubali. Na alituachia bahasha.

Mwanarehema, bahasha hiyo ni ya arusi yako, siku ya kupambwa kwako, wanawake walipofunga mlango, wakavua mabuibui, wakafunga leso kiunoni na kuchomeka asumini kichwani, wakacheza wapendavyo kwa kuwa hapakuwa na jicho la mwanamume. Shemeji Mwanabibi ndiye aliyepiga picha kwa kamera niliyomletea mimi, na walimkubalia kwa ahadi. Hata kusafishwa zilisafishwa na mke wa mwenye studio, na shemeji alikaa mlangoni mwa chumba cha giza, mikono kiunoni, mpaka ya mwisho ilipokauka. Waridi akazitia kwenye bahasha, bahasha akaifunga kwa kipande cha leso, akaishona kwa uzi, akaiweka chini kabisa ya sanduku la picha. Nikamuuliza, hata mimi mumeo? Akasema, "Siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe si kata." Sikuuliza tena.

Alipokufa, shemeji alitaka ichomwe moto. Mimi nikakataa. Hapo ndipo tuliponuniana, na kununa kwetu kumekua, kungekuwa mtoto kungekwisha kubalehe.

Haya. Faki, sikulaumu, inua kichwa. Hukuambiwa. Ulipotaka kumfurahisha dada yako ulilibeba sanduku zima, na bahasha yake chini, ukalipeleka kwa yule fundi wa diski kule karibu na feri. Na mimi siku hiyo ninatoka kliniki, nimeshuka feri, natembea kwa mapumziko kama mwanamke mwenye mimba, nikaona watu wamejaa mbele ya duka. Nikajisukuma. Dirishani mna televisheni, na kwenye televisheni wanapita wanawake. Si wetu. Wa nyumba nyingine, siwajui na sitaki kuwajua. Nywele wazi, mabega wazi, mikono juu, furaha ya ndani kabisa, wanapita mmoja mmoja mbele ya wapagazi wanaokula viazi karai. Fundi ameiweka diski ya mteja wake dirishani ili kuvuta wateja. Na mmoja wa wale wapagazi akapaza sauti, "Rudisha huyo wa leso nyekundu! Rudisha!" Na fundi akarudisha.

Wanangu, nilihisi mtu ametia mkono kifuani mwangu akashika na kukamua. Siku zote nilidhani moyo huugua kwa mafuta ya nyama. Niliingia mle dukani nikipiga kelele ambazo sizikumbuki, nikasikia tu fundi akisema, "Taratibu mzee, zako bado, tulikuwa tuanze na za meli." Nikafukua sanduku mpaka chini. Bahasha ilikuwako, na uzi wa Waridi mzima, alhamdulillahi. Nikaikumbatia, nikakaa sakafuni mwa duka, na tangu siku ile sijasimama sawasawa.

Picha ya karatasi, wanangu, ina ufunguo, ukiifungia imefungika. Diski haina mlango. Ukimpa mmoja umewapa wote, anainakili huyu, anaazima yule, na maji yakimwagika hayazoleki. Wale wanawake wengine wa bahasha ya Waridi wangali hai, wana waume, wana wakwe, wana watoto wakubwa wanaovuka feri ile na kusimama mbele ya dirisha lile. Stara yao waliiweka nyumbani kwangu. Je, nife kesho, niende nikamkute Waridi, aniulize, "Bahasha yangu iko wapi?" nami nimjibu kwamba iko dirishani? Hilo ndilo ninaloliogopa. Na upande wa pili namwona Dhahabu, anazaa ugenini, na mama aliye naye ni miguu.

Florence, yule binti wa Mjambere aliyesoma na Mwanarehema, anayo kompyuta nyumbani kwake, na mashine ya kuchoma diski. Aliniambia, bila kuiona picha, kwamba mashine yake yaweza kuwakata wengine wote akabaki Waridi peke yake. Nikafurahi, nikasema ndiyo dawa. Kisha nikafikiri. Mtu akatwe wenziwe, aachwe anacheka na ukuta? Dhahabu amwone mama yake kama mwenda wazimu? La. Hivyo sikukubali.

Basi shikeni haya, na anayeyavunja asije kaburini kwangu na maua. Sanduku lisipelekwe dukani tena, liwe duka la fundi au la malaika. Diski zitatengenezwa nyumbani kwa Florence, mbili. Ya kwanza ni ya watu wote: theluji, aproni, Faki akilia siku ya tohara, weka zote, na muziki tieni mnaoutaka. Ya pili ni ya wanawake. Mwanarehema na shemeji mtakwenda nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyemo kwenye bahasha ile na angali hai, mumuulize usoni pake. Atakayekataa, picha yake isiingie, wala asiulizwe sababu. Wewe Mwanarehema utakaa kwenye kiti cha Florence, shemeji atakaa mlangoni kama alivyokaa studio. Na diski hiyo haitapigwa stempu ya posta. Utaibeba mwenyewe, inshallah, utakapokwenda kumuuguza mdogo wako uzazini, umpe mkononi.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Shemeji, mbona umesimama? Unasema nini? Sema kwa sauti, masikio nayo yanaanza kuniaga.

"Nasema mwone kabla hujaenda, ni mkeo, Rama. Wengine nitawafunika kwa viganja."

Wewe? Wewe uliyekuwa na kiberiti mkononi?

"Mimi. Usinicheleweshe, gari linangoja."

Ngoja. Ngoja kwanza. Faki, toka, mwanangu, simama barazani, si yako hii. Ngojeni... mimi naogopa. Sijaiona hata siku moja. Nimemzoea yule wa kitambulisho, ndiye ninayemuota. Akiwa mwingine je? Haya. Kata uzi. Mwanarehema, niinue kichwa. Lete karibu, karibu zaidi, macho haya...

La haula.

Hiyo si suruali yangu? Hiyo suruali yangu nyeupe ya jikoni, niliyoitafuta nyumba nzima, hata nikamsingizia mbuzi wa watu! Na tumbo lile ni nini, ni mto? Amejifunga mto! Na kidole amekiinua... mimi huinua kidole hivyo? Nikianza uongo wangu wa Osaka, ndivyo ninavyokuwa? Na kicheko kimemshinda kabla hajafika mwisho, tazama, amefumba macho, na lile jino la pembeni lililopanda juu ya mwenziwe... Nilikuwa nimelisahau jino lile, wanangu. Namlilia mtu miaka yote hii na jino lake nimelisahau.

Shemeji, kwa hiyo siku ile mlikuwa mnanicheka mimi?

"Waume wote tuliwacheka. Ila wewe, alituomba akuigize mara ya pili."

Na mimi nilijidhani ndimi mchekeshaji wa nyumba hii. Mwanarehema, hiyo iwe ya kwanza katika ile diski ya wanawake. Mwambie Dhahabu... mwambie mama yake alikuwa na suruali... ah, mwambie utakavyo, mimi kicheko kinaniuma hapa.

Mwenyezi Mungu awaweke pamoja. Awape vizazi vinavyocheka ndani kwa ndani, milango imefungwa. Awasitiri kama mtakavyowasitiri wengine. Radhi yangu mnayo, nyote, na yule wa Maskati, na huyo aliye tumboni. Yaliyobaki... nilitaka kusema mengine. Yamekwenda.

Ngumbao anapiga honi. Mwambieni naja. Woga ungalipo, msinione natabasamu mkadhani umeondoka. Nishikeni kwapani. Polepole.

Shemeji... usiifunike upesi.