Historia ya Dakta Mapunye, Ambaye Hakuuawa na Vidonge Vyake

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake Marehemu, na nyinyi wagonjwa wake mliojibanza kule nyuma karibu na geti kana kwamba mmekuja kudokoa, sogeeni mbele, viti vipo. Familia imenipa kazi ya kusoma historia ya mdogo wangu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyembeba mgongoni kabla hajajua kutambaa, sidhani kama yupo wa kunisahihisha.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne na kitinda mimba wa baba yetu aliyekuwa fundi rangi na mama yetu aliyekuwa mshonaji, mimi nikiwa wa kwanza, na kaka zetu wawili wa katikati wameshatangulia, kwa hiyo kuanzia Jumanne nimebaki kama jino moja kinywani. Ubishi hakufundishwa na mtu, alizaliwa nao, na mama alikuwa akisema mtoto huyu hata ukimwambia amka anauliza kwani nani kasema nimelala.

Alianza darasa la kwanza Januari 1964 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1970, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1976, wakati mimi nimeshaishia darasa la saba kwa sababu cherehani ya mama ilihitaji miguu mingine ya kuikanyaga, na silisemi hili ili nionewe huruma, sare zake zote nilizishona mimi na hakuna mwanafunzi aliyempita kwa kupendeza. Alisomea udaktari kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, na kati ya mwaka 1989 na 1991 akabobea katika magonjwa ya ngozi, ambapo wenzake walimcheka kwamba amechagua kazi ya wavivu, maana daktari wa ngozi haamshwi usiku wala haui mtu, naye akawajibu, "Kidonda cha usoni hakimuui mtu, kinamzika angali anatembea."

Kazi aliianza mwaka 1983 katika hospitali ya wilaya, na huko ndiko jokofu la chanjo lilikoharibika, akaitwa fundi majokofu, fundi akalitengeneza, kisha akarudi kesho yake kulikagua, na keshokutwa, jokofu likiwa zima kabisa, mpaka Marehemu akamuuliza, "Fundi, wewe umekuja kuona jokofu au kuniona mimi?" Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1987, wakajaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1988, ambaye leo ni karani wa benki, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1992, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na shemeji yangu huyu hapa, amekaa mbele na wanawe.

Narudi kwenye kazi, kwa sababu huko ndiko maneno yaliko. Kuanzia Septemba 1991 Marehemu alikuwa kwenye kliniki ya ngozi, chumba namba saba, kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu, chenye dirisha moja linalotazama machimbo ya mawe, na vumbi la kokoto liliingia hata ukifunga. Wapasua mawe walimjia na vidonda vya puani, masikioni na mashavuni, vidonda vya duara visivyouma sana wala kupona, vinavyoletwa na usubi, yule mdudu mdogo kuliko mbu anayekaa kwenye nyufa za miamba, akikuuma anakuachia kimelea chini ya ngozi. Dawa iliyokuwepo ilikuwa sindano ya kila siku kwa majuma, inauma kama kuchanjwa kwa moto, inausumbua moyo, wengi walitoroka katikati, na binti mmoja alimwambia waziwazi, "Dakta, bora nivae mtandio mpaka kufa."

Ndipo Marehemu akaanza kusema habari ya vidonge vya fangasi. Alinieleza mimi nikiwa namenya viazi, akasema kimelea na fangasi si ndugu, lakini kuta za miili yao zimejengwa kwa mafuta yanayofanana, na dawa ya fangasi kazi yake ni kuyazuia mafuta hayo yasitengenezwe, sasa ikiwa ufunguo umefungua kwa jirani, na vitasa vyenu vimetoka duka moja, utakaa nje unanyeshewa bila hata kuujaribu? Dawa mpya kwa ajili ya wapasua mawe hakuna aliyekuwa na haraka ya kuitengeneza, hii ya zamani ipo, ubaya wake unajulikana, inamezwa kwa maji, haina sindano.

Akaruhusiwa kuijaribu kuanzia Februari 2012, na ilipofika Mei 2013 ikaonekana vidonda vimekaa palepale, vimemkodolea macho. Aliposimama mbele ya jopo la wakubwa kutoa taarifa, mwenyekiti akamwambia dawa ya mapunye itabaki kuwa dawa ya mapunye, ukumbi ukaangua kicheko, na kesho yake hospitali nzima ikamwita Dakta Mapunye. Mwingine angeomba uhamisho. Huyu alimwita fundi wa mabango, akaandikisha DAKTA MAPUNYE mlangoni kwa rangi ya buluu, akasema sasa hata mgeni hapotei njia.

Kisha akapima damu za wagonjwa alizokuwa amezihifadhi, akakuta dawa karibu haimo. Watu wamemeza mbele ya macho ya nesi, dawa haimo mwilini, imekwenda wapi? Akavua koti jeupe, akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa, akatazama tangu kliniki ilipofunguliwa. Nesi wake, huyu tunayemwita Sista Pole kwa sababu hata ukimkanyaga anakupa pole, alikuwa akimpa mgonjwa wa fangasi vidonge vilevile, mgonjwa akilalamika kifua kinaunguza, Sista Pole anamwongezea kidonge cheupe cha kutafuna, cha kiungulia, kwa moyo safi kabisa. Sasa dawa ile huyeyushwa na asidi ya tumbo, na kidonge cheupe kazi yake ni kuizima asidi hiyohiyo. Utafiti wa mwaka mzima ulizimwa kwa huruma.

Sista Pole alilia mpaka akaloweka kola. Marehemu akamwambia, "Nyamaza bwana, nilikwambia dawa gani uwape, sikukwambia ipi usiwape, kosa ni langu," na hivyo hivyo akaenda kulieleza jopo, na walipotaka nesi afukuzwe akawaambia wamfukuze na yeye, halafu watafute mtu mwingine wa kuwabembeleza watu wenye vidonda usoni. Walimkatalia ruhusa ya pili mara mbili, akawarudia kama inzi wa chooni, na Agosti 2016 wakampa, nadhani ili wapate usingizi. Safari hii dawa ilimezwa pamoja na chakula, na Sista Pole akageuka askari, anapekua mikoba ya akina mama kutafuta dawa za kiungulia, na pole hatoi. Machi 2017 Marehemu alifikisha umri wa kustaafu, akakabidhi koti na stempu, ufunguo wa chumba namba saba akasahau kuukabidhi, na kumbukumbu yake ilikuwa nzuri sana.

Naomba msikilize hapa, na wanaoosha vyombo kule nyuma waache. Tarehe 19 Julai 2017, baada ya kuchoka na kuvimba tumbo, Marehemu alionekana ana saratani ya ini, na tangu Jumatano kwenye maturubai haya nasikia mnanong'ona kwamba ini lake limeliwa na vidonge vyake, ati alivijaribu kwa kuvimeza mwenyewe. Jana asubuhi nimekuta mfuko wa plastiki kwenye dirisha la jiko, umejaa dawa mlizorudisha, hakuna hata aliyebisha hodi. Basi nawaambia: ini lile liliharibiwa na virusi vya homa ya ini, vilivyoonekana kwenye damu yake tangu mwaka 1998, miaka mingi kabla ya utafiti huo, na hakuwahi kumeza kidonge chenu hata kimoja, daktari aliyemtibu yuko hapa na familia imemruhusu kumjibu yeyote atakayemuuliza. Ni kweli dawa hizo zinaweza kulisumbua ini, Marehemu hakuwaficha, ndiyo maana kila mkienda aliwatoa damu, na nyinyi mkamwita mumiani. Wala simsingizii kwamba amewaponya wote. Wapo ambao vidonda vimefunga, wapo ambao havijafunga, na mwenyewe alikuwa anasema hajui bado, atajua mkimaliza. Mkiacha katikati hatajua yeye wala mwingine, na yule mwenyekiti atacheka mara ya pili, safari hii kwa msaada wenu.

Marehemu alifariki siku ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2018, saa nne na dakika arobaini asubuhi, katika wodi ya wanawake, kitanda cha ukutani, mume wake akiwa amemshika miguu, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Wamekula?" Tukadhani anaulizia wanawe, mpaka Sista Pole akamjibu, "Wamekula, Dakta, ndipo wakameza."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomuuguza, hasa yule wa zamu aliyekubali kubishiwa na mgonjwa hadi siku ya mwisho, majirani waliotuletea maji bomba lilipokauka, na wafanyakazi wenzake, hata mliocheka, maana nanyi mmechangia jeneza. Mganga mkuu amekaa mstari wa mbele, amesema mbele ya shemeji yangu kwamba chumba namba saba hakifungwi, nami nalirudia hapa ili mashahidi wawe wengi. Mfuko wa dawa nimempa Sista Pole. Jumatatu saa mbili asubuhi atakuwa mlangoni, aliyerudisha aende, atagombezwa kidogo, atapimwa damu, aendelee.

Nawe mdogo wangu, pumzika sasa, na huko uendako ukiikuta amani, nakusihi, usiibishie.