Bajia za Kheri Mchana wa Ramadhani

Kijiwe chetu kiko Msambweni, kona ya kuingilia sokoni: benchi moja, birika moja la kahawa, na sisi. Jana baada ya alasiri hata kahawa haikushuka vizuri. Ramadhani imekwisha juzi tu, na kuna video inazunguka tangu asubuhi: rafiki yetu Kheri anakula bajia mchana kweupe, saa ya adhuhuri, nyuma yake bango la Ramadhani Karimu. Na harusi yake na Ummi ni mfungo mosi huu huu, wiki ijayo! Bi Twaiba, shangazi yake Ummi, ashasema Kheri asipojitetea, posa inarudishwa.

— Wallahi si mimi! Kheri kashika kichwa. Imetengenezwa na AI hiyo.

— Mvumilivu hula mbivu, akasema Swabir, tunayemwita Satelaiti maana hakuna asilolijua. Wewe hukuvumilia, ukala bajia.

— Si mimi, bwana!

— Basi mdomo ni wako. Ushawahi kupiga miayo mbele ya simu?

— Nani hajawahi?

— Ndipo walipouchukua. Simu inakusanya miayo, inauza ng'ambo. Kule wanautia bajia.

Nikamuuliza:

— Ng'ambo wameijulia wapi bajia ya Msambweni, na chatne yake?

— Ndiyo ujue wamejipanga!

Cliff, fundi wa simu kutoka Kakamega, jina la kijiwe Waifai, akaweka kikombe chini.

— Wasee, dawa ya moto ni moto. Niko na app hapa. Nakutolea video ukiswali, saa ile ile. Mathe Twaiba akiiona, kesi imeisha.

— Lakini saa ile nilikuwa msikitini kweli!

— Si ndiyo poa? Hata si uongo. Ni ukweli uliokosa kamera.

— Haraka haraka haina baraka, Satelaiti akadakia. Tuma sasa hivi!

Ikatoka video tamu: Kheri na kanzu nyeupe, machozi yanamtiririka, mbele yake dirisha na bahari inang'aa. Satelaiti nusura alie. Kheri akatuma.

Birika halijapoa, Bi Twaiba huyo, simu mkononi.

— Shikamoo, Bi Twaiba!

— Marahaba. Kheri, nimekuona. Kanzu imekukaa, mashaallah. Na bahari imetulia, hapo mbele yako.

— Ndiyo, shangazi.

— Umeanza lini kuswali ukielekea Pemba?

Waifai akaninong'oneza:

— Kwani Makka ni side gani?

Nikamkanyaga mguu.

— Shangazi, hii tumeitengeneza, Kheri akakiri. Lakini msikitini nilikuwepo, haki ya Mungu! Ile ya bajia ndiyo ya uongo.

Bi Twaiba akaketi kwenye benchi letu, akacheka mpaka akafuta macho kwa mtandio.

— Mwanangu, kuhusu bajia nilikuja nishakuamini. Sasa ya kwanza wasema imetengenezwa, na ya pili umetengeneza wewe. Ummi akiniuliza nishike lipi, nimwambieje?

Tukamtazama Satelaiti. Satelaiti akatazama birika.

Kheri akainuka, akavaa makubadhi.

— Twende, shangazi. Nikamwambie mwenyewe.

— Ukweni? Kabla ya nikaha? Satelaiti akaruka. Watu watasema!

— Wacha waseme. Wataniona kwa macho yao.

— Ngoja nikurekodi, iwe ushahidi! akasema Waifai.

Bi Twaiba akageuka, akamtazama tu. Waifai akairudisha simu mfukoni, polepole.