Mizunguko Kumi na Sita

NOELINE: Haloo? Nani huyo?

MURRAY: Haloo, Mwalimu? Ni Murray. Murray Pascoe, baba yake Marnie. Unanisikia?

NOELINE: Nakusikia kama uko ndani ya pipa. Habari za Armidale?

MURRAY: Nzuri. Si nzuri. Nimekupigia simu ya mkononi tangu asubuhi, haipatikani.

NOELINE: Minara ya simu imezimika Kempsey nzima. Umefanya la maana kupiga hii ya mezani.

MURRAY: Nilibahatisha tu. Kwa hiyo uko nyumbani.

NOELINE: Niko nyumbani.

MURRAY: Ulisema utaondoka alfajiri.

NOELINE: Niliondoka. Nilifika Bellbrook, kwenye barabara ya mlimani, nikarudishwa. Mlima umeporomoka barabarani, kama mita sitini hivi. Nilishuka garini nikatazama mwenyewe. Leo hapiti hata mbuzi.

MURRAY: Na kwa pwani?

NOELINE: Mto umefurika, daraja liko chini ya maji.

MURRAY: Basi tumekwisha.

NOELINE: Nani amekwisha? Marnie anaingia lini?

MURRAY: Ni wa sita. Wa tatu ndiye anayepanda jukwaani sasa.

NOELINE: Dakika mbili kucheza, dakika mbili majaji kuandika. Una dakika kumi na mbili. Amevaa soksi za sufu?

MURRAY: Juu ya viatu, mpaka magotini. Na koti langu la shambani.

NOELINE: Asivue mpaka wa tano amalize. Misuli ikipoa, mguu unakuwa wa mtu mwingine. Amekunywa maji?

MURRAY: Chupa nzima.

NOELINE: Mnyang'anye. Alowanishe midomo tu. Na utepe wa viatu, fundo liko wapi?

MURRAY: Upande wa ndani, nyuma ya mfupa. Ncha nimezichomeka, nikazishona.

NOELINE: Umeshona wewe?

MURRAY: Mwalimu, mimi nimeshona ng'ombe aliyechanwa tumbo na waya, tena kwa tochi. Akakaa miaka sita akitoa maziwa.

NOELINE: Basi huo mshono hautafumuka. [mkwaruzo] Ulidumu kwenye darasa langu la baleti siku mbili tu, ukakimbilia raga, na leo unashona utepe.

MURRAY: Nilikuwa na miaka saba. Ulinishika sikio.

NOELINE: Ulikuwa unatafuna kitu. Mazoezi ya asubuhi yalikwendaje?

MURRAY: Yalikwenda tu.

NOELINE: Murray.

MURRAY: Alianguka.

NOELINE: Mara ngapi?

MURRAY: Tatu. Kwenye ile mizunguko ya mwisho, kumi na sita. Yule jaji, mama wa shule ya baleti ya Melbourne, alikuwa amekaa palepale. Akaandika kitu.

NOELINE: Acha aandike, ndiyo kazi yake. Alianguka kwenye mzunguko wa ngapi?

MURRAY: Sijui, Mwalimu, mimi najua ng'ombe—

NOELINE: Ulihesabu. Unahesabu ng'ombe mia mbili kila siku wakipita getini. Wa ngapi?

MURRAY: Wa tisa. Mara ya pili, wa tisa. Mara ya tatu, wa saba.

NOELINE: Alikuwa anasogea?

MURRAY: Kushoto. Kama mlevi. Alianzia katikati, akaishia karibu na pazia.

NOELINE: Kisigino kiliteleza?

MURRAY: Hapana. Alipaka ulimbo wa unga, viatu vilikuwa vinashika.

NOELINE: Basi si miguu. Ni macho. Alikuwa anatazama nini?

MURRAY: Ndiyo hilo. Nilimwuliza. Akasema hakuna kitu. Anasema nyuma ya ukumbi ni giza tupu, kichwa hakina pa kurudi.

NOELINE: [kimya]

MURRAY: Haloo?

NOELINE: Nipo.

MURRAY: Nilidhani imekata. Hiyo ni sauti gani hapo kwako? Kitu kinagonga.

NOELINE: Ni kiti. Sikiliza. Anayezunguka lazima awe na kitu kimoja cha kutazama. Mwili unakwenda, jicho linabaki, halafu kichwa kinawahi na kulifuata. Kumbi kubwa huweka taa ndogo nyuma kabisa, katikati. Kwetu haipo.

MURRAY: Kwetu upo wewe.

NOELINE: Kwetu nipo mimi. Miaka tisa nasimama pale mlangoni na sweta yangu ya njano. Nilidhani namsaidia.

MURRAY: Ulimsaidia.

NOELINE: Nilimfundisha kuzunguka kwa kunitazama mimi. Nilipaswa kumfundisha kuzunguka popote, kwa msumari ukutani, kwa herufi juu ya mlango wa kutokea. Hilo ni kosa la mwalimu, si la mtoto.

MURRAY: Mwalimu, kuna kitu nimefanya.

NOELINE: Sema.

MURRAY: Baada ya kuanguka alikataa kula, akakataa kusema. Akakaa chooni. Nikamwambia uko njiani. Nikamwambia wakati wake ukifika utakuwa umesimama nyuma, palepale.

NOELINE: Ulimwambia hivyo saa ngapi?

MURRAY: Saa tano.

NOELINE: Saa tano mlima ulikuwa umeshaanguka.

MURRAY: Sikujua. Akatoka chooni akala nusu ndizi. Ningefanya nini?

NOELINE: Kwa hiyo atapanda, atanitafuta, na atakuta giza.

MURRAY: Nikamwambie ukweli?

NOELINE: Ukimwambia sasa atalia, na akilia pumzi inapanda kifuani, haishuki tena. Usipomwambia ataanguka. Wa ngapi yuko jukwaani?

MURRAY: Wa nne. Ana vazi la buluu. Huyu mtoto ni mzuri, Mwalimu.

NOELINE: Usimtazame.

MURRAY: Nafasi ni moja. Mwakani atakuwa na miaka kumi na sita, wale wa Melbourne hawamchukui tena. Mama yake yuko zamu hospitalini hapo Kempsey, naye simpati. Nimesimama hapa kama kigingi.

NOELINE: Mama yake yuko juu kilimani, hospitali haifikiwi na mto. Hilo litoe kichwani.

MURRAY: Na wewe je? Maji yako wapi?

NOELINE: Mtoni.

MURRAY: Nyumba yako ina ngazi kumi na mbili. Mwaka ule wa mafuriko yalifika ya sita. Leo yako ya ngapi?

NOELINE: [mkwaruzo] Hiyo tochi uliyomshonea ng'ombe, unayo?

MURRAY: Iko kwenye gari, na gari niliegesha kule kwenye uwanja wa maonyesho. Kwenda na kurudi ni robo saa. Ya ngapi, Mwalimu?

NOELINE: Nani ana tochi hapo?

MURRAY: Hakuna. Na simu zote zimekusanywa kwenye kapu mlangoni, watoto wasipigwe picha. Hii yangu niliificha ndani ya buti.

NOELINE: Ina taa?

MURRAY: Ina taa. Lakini betri imebaki asilimia tano. Nimekupigia tangu asubuhi, nimekwambia.

NOELINE: Inatosha.

MURRAY: Wakiniona watanitoa nje.

NOELINE: Mizunguko kumi na sita ni sekunde ishirini na nane. Baada ya hapo wakutoe wanavyotaka. Majaji wanatazama mbele, hakuna ageukaye nyuma wakati mtoto anazunguka. [sauti ya injini] Sakafuni, mbele ya jukwaa, kuna alama nyeupe?

MURRAY: Ipo, ya utepe wa gundi.

NOELINE: Simama nyuma ya ukumbi, usawa wake, mgongo ukutani. Usikisie, itazame. Nyanyua simu juu ya kichwa chako, lazima ifike usawa wa macho yake. Ziba nusu ya taa kwa kidole, isimuumize. Na ukishainyanyua, mkono usitikisike. Ukisogea wewe, anasogea yeye.

MURRAY: Niiwashe lini?

NOELINE: Kabla ya mizunguko kinanda kinanyamaza. Ataweka mguu wa kulia nyuma na kuvuta pumzi. Hapo. Si kabla, betri isikufie.

MURRAY: Hiyo ni injini ya nini?

NOELINE: Jirani.

MURRAY: Jirani yako Kev ana trekta. Hiyo si trekta.

NOELINE: Wa tano ameingia?

MURRAY: Anaingia. Mwalimu, hiyo ni mashua.

NOELINE: Ni wale vijana wa uokoaji, wenye nguo za rangi ya chungwa. Wanazungukia watu. [sauti ya mtu kwa mbali] Dakika moja, mwanangu. Naongea na simu.

MURRAY: Panda. Tutamaliza ukiwa humo.

NOELINE: Simu hii ina waya wa mita moja na nusu, Murray. Haipandi mashua.

MURRAY: Basi iache.

NOELINE: Mwambie Marnie akianguka asirudi pale alipoishia. Muziki haumngoji mtu, aingie pale ulipo. Na asiombe radhi kwa uso. Majaji husamehe mguu, uso hawausamehe.

MURRAY: Hayo anayajua, Mwalimu, umemfundisha.

NOELINE: Na akimaliza asikimbie. Asimame, ahesabu mpaka mbili, ndipo apige goti.

MURRAY: Sawa. Ondoka sasa.

NOELINE: Wakimchukua Melbourne, darasani asisimame nyuma. Anayejificha nyuma hujifunza makosa ya aliye mbele yake. Kioo akitazame mara moja tu, kukagua, kisha akisahau, jukwaani hakipo. Akirekebishwa mwenzake, naye ajirekebishe. Na akiumwa aseme siku ileile. Si baada ya wiki, kama alivyonifanyia mimi.

MURRAY: Hayo utamwambia mwenyewe.

NOELINE: Mwambie wewe.

MURRAY: Utamwambia mwenyewe, Mwalimu. Wiki ijayo.

NOELINE: [mkwaruzo] Umeyashika?

MURRAY: Asisimame nyuma. Kioo mara moja. Mwenzake akirekebishwa. Akiumwa aseme.

NOELINE: Siku ileile.

MURRAY: Siku ileile. Wa tano anamaliza. Marnie amevua koti. Amesimama pembeni ya jukwaa, ananitazama.

NOELINE: Usimpungie mkono. Itikia kwa kichwa.

MURRAY: Nimeitikia.

NOELINE: Anaonekanaje?

MURRAY: Ananyanyua mabega.

NOELINE: Shusha yako, atashusha yake.

MURRAY: Ameshusha.

NOELINE: Nenda nyuma. Tembea, usikimbie. Na usikate bado. Iweke mfukoni, acha nisikie tu mpaka mzunguko wa tisa upite.

MURRAY: Betri ina mbili, Mwalimu. Ni taa au wewe.

NOELINE: [kimya]

MURRAY: Haloo?

NOELINE: Taa.

MURRAY: Nikishakata sitaweza kupiga tena. Na wewe hutakuwa na simu.

NOELINE: Najua.

MURRAY: Utajuaje alivyofanya?

NOELINE: Barabara itafunguliwa.

MURRAY: Nimefika ukutani. Alama naiona. [mkwaruzo] Wanamwita jina. Huyo kijana wa mashua anakuita na wewe, namsikia mpaka huku. Anasema nini?

NOELINE: Anasema habari za maji.

MURRAY: Ngazi ya ngapi?

NOELINE: Kinanda kimeanza, Murray.

MURRAY: Noeline. Ya ngapi?

NOELINE: Juu ya kichwa. Nusu kwa kidole. Kata.

MURRAY: Niambie ya ng—

[simu imekatika]

NOELINE: Haloo?

[mlio wa simu iliyokatika]

NOELINE: Anakwenda kona. Anarudi. Mkono, mkono. Kinanda kinanyamaza. Mguu nyuma, pumzi. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kichwa, Marnie. Tano. Sita. Saba. Nane.

[sauti ya mtu, karibu]

NOELINE: Nakuja, mwanangu. Shika mkoba huu kwanza. Tisa. Kumi. Kumi na moja.