Marehemu Otilia Sandoval, Aliyewasha Moto Chini ya Miti Mikubwa

Otilia alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, juu milimani unakoanzia Mto Tule, nyumbani kwa bibi yake mzaa mama. Ukitoka mlangoni unaiona ile miti mikubwa ya sekwoya. Si mingi. Bibi aliiita wazee, na Otilia akaiita hivyo mpaka mwisho.

Alisoma Porterville hadi darasa la nane. Walimu walisema ana akili ila mbishi. Yote mawili kweli.

Alikuwa mpishi wa shule, na alisuka vikapu. Lakini kazi yake hasa aliachiwa na bibi. Kila Oktoba, mvua ya kwanza ikishanyesha, alifagia majani makavu mashinani mwa wazee, akawasha moto mdogo, wa kufika gotini. Moto huo hula takataka na kufungua mbegu. Usipowashwa, msitu hujaa kuni, na moto mkubwa ukija hauachi kitu.

Tulioana tarehe 14 Juni 1969. Nilipokwenda kumposa nilimkuta anafagia huko, nikakaa kwenye jiwe. Akasema, "Wee Anselmo, umekuja kutafuta mke au kivuli?" Nikachukua reki.

Serikali ilikuwa imeupiga marufuku moto huo. Otilia hakuacha. Siku moja akaja bwana wa misitu.

"Mama, leo nakukamata."

"Nikamate, baba. Ila moto huu ataulinda nani? Wewe, na viatu hivyo vipya?"

Bwana yule akatazama viatu vyake. Akangoja moto uzimike, akanywa uji wetu wa mbegu za mwaloni, akaondoka peke yake.

Mwaka 2021 moto mkubwa ulipita kwetu. Ng'ambo ya korongo, miti mikubwa iliyokatazwa kuwashiwa moto mdogo ilikufa imesimama. Ya Otilia ipo. Lakini moshi ule ulimkaa kifuani. Hakupanda tena mlimani, na majani yakarundikana. Alifariki nyumbani tarehe 3 Oktoba 2024, nimemshika mkono.

Kwetu sisi wenyeji wa mto huu, vitu vya marehemu huchomwa. Mwenyewe aliniambia, "Vyangu usivichomee uani. Vipeleke kwa wazee."

Nikamwambia, "Watatukamata, mama."

"Mimi watanipata wapi?" Akacheka mpaka akakohoa.

Basi. Mvua ya kwanza imenyesha juzi. Jumamosi asubuhi tunapanda na nguo zake, kitanda chake, na vikapu vyake vyote, hata kile ambacho watu wa makumbusho walitubembeleza tuwape. Tutaviwasha juu ya majani yale. Msije na maua. Njooni na reki na ndoo za maji. Nimetaka jambo hili lichapwe humu gazetini, asije mtu akasema tulijificha.

Ameacha mumewe Anselmo, binti yake Corrine, wajukuu wanne, dada yake Felicitas, na wazee, wote wamesimama.

Alale kwa amani, Otilia wangu. Moto tumebaki nao sisi.